Uchambuzi wa kisa: Kupunguza urea kwenye soya kwa bakteria wa vinundu, na kwa nini jaribio la kwanza lilianguka

Kisa hiki kinafuatilia shamba moja la hekta 6 kwa misimu mitatu. Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa.

Shamba lilivyokuwa

Udongo ni tifutifu wenye mchanga mwingi, mboji kidogo na fosforasi haba. Uchachu wake ulikuwa pH 5.1 (kwenye kipimo hiki 7 ni katikati, na namba ikishuka uchachu unazidi). Kwa miaka mingi palipandwa mahindi juu ya mahindi, kisha soya ikaingizwa kwenye mzunguko. Shida ni kwamba soya ililishwa kama mahindi: kilo 100 za DAP, mbolea yenye fosforasi na naitrojeni, kwa hekta wakati wa kupanda, na kilo 100 za urea wiki ya nne. Ukipiga hesabu, hizo ni kilo 64 za naitrojeni kwa hekta, 18 kutoka kwenye DAP na 46 kutoka kwenye urea. Mavuno yalizunguka tani 1.8 kwa hekta. Katika muda wote huo hakuna aliyewahi kung'oa mche wa soya na kutazama mizizi yake.

Msimamizi alitaka kupunguza urea kwa sababu mbili. Ilikuwa ndiyo pembejeo iliyomeza fedha nyingi kuliko zote, na vipimo vilionyesha udongo unazidi kuchachuka. Hilo la pili lina maelezo: naitrojeni ya urea na DAP hugeuka amonia, nayo vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti. Mageuzi hayo huachilia asidi udongoni, na naitreti inapozolewa na mvua kwenda chini hubeba pamoja nayo kalisi na magnesi.

Soya haihitaji kulishwa naitrojeni yote. Tangu mwaka 1886, Hellriegel na Wilfarth walipoonyesha kwamba mimea jamii ya mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi, na mwaka 1888, Beijerinck alipofanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe, jambo hili halina ubishi. Ila kila kundi la mikunde lina bakteria wake. Soya inawataka Bradyrhizobium wa aina maalumu, na katika udongo ambao haujawahi kuchanjwa, yaani kutiwa bakteria hao, mara nyingi bakteria hao hawapo au ni wachache mno.

Msimu wa kwanza: chanjo imewekwa, mavuno yameshuka

Shamba liligawanywa nusu kwa nusu: hekta 3 soya, hekta 3 mahindi. Chanjo, yaani bakteria hai wa kupakwa kwenye mbegu, ilikuwa ya unga mweusi wa peti (mboji ya kinamasi), na pakiti ilitaja bakteria wa soya na tarehe ya mwisho iliyokuwa bado mbali. Uamuzi uliofanywa ulikuwa wa kijasiri kupita kiasi: kwa kuwa bakteria wanaingia, mbolea yote itoke, DAP na urea pamoja.

Kilo 180 za mbegu zilichanganywa na chanjo kwa mkupuo mmoja asubuhi ya kwanza. Kwa kuwa zilikuwa na unyevu na zilikwama kwenye mashine ya kupandia, zilitandazwa juani kwenye turubai mpaka zikauka. Upandaji ulianza asubuhi hiyo, ukaendelea hadi jioni, na mistari ya mwisho ikapandwa kesho yake mchana.

Mavuno yalikuwa tani 1.1 kwa hekta. Watu wa shambani walihitimisha kwamba chanjo ni maneno matupu, na habari ingeishia hapo kama si kipande kimoja cha ardhi, upana wa hatua kama kumi, kilichosimama kijani kibichi katikati ya soya iliyopauka. Msimu uliotangulia mabua ya mahindi yalirundikwa na kuchomwa mahali hapo.

Mtaalamu wa udongo alikuwa ameitwa kabla ya mavuno, soya ikiwa inatoa maua. Hakuanza na majani. Alichimba kwa jembe kuzunguka mche, sentimita 15 pande zote, akaloweka bonge zima kwenye ndoo ya maji hadi udongo ukaachia wenyewe. Mche ukivutwa kwa mkono, vinundu hubaki ardhini na mtu hudhani havikuwapo. Miche kumi ilichimbwa kila sehemu, vinundu vikahesabiwa na kukatwa katikati kwa wembe.

Mistari ya kwanza, iliyopandwa kabla jua halijawa kali, ilikuwa na vinundu sita hadi tisa kwa mche, vimejikusanya kwenye mzizi mkuu karibu na shingo ya mmea, na ndani ni vyekundu kama nyama. Mistari ya jioni ilikuwa na kimoja au viwili. Ile ya kesho yake haikuwa na kitu, isipokuwa vipunje vidogo vyeupe kwenye mizizi ya pembeni. Pale penye majivu, katikati ya mistari ya asubuhi, vinundu vilipita ishirini, na pH ilisoma 6.0.

Wekundu ule ndio wa kutafutwa. Kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia huharibiwa na oksijeni, kwa hiyo mmea hutengeneza leghemoglobini, ndugu wa ile himoglobini ya damu, ya kuishika oksijeni na kuwapa bakteria kiasi tu cha kupumulia. Kinundu chekundu au cha waridi kinafanya kazi. Cheupe bado ni kichanga au kina bakteria wasiofaa, na cha kijani au kijivu kimechoka.

Maamuzi ya msimu wa pili

Soya ilihamishiwa kwenye hekta 3 zilizokuwa na mahindi, ambazo hazijaguswa na chanjo. Hili lilikusudiwa. Kwenye nusu ya kwanza bakteria wachache walikuwa wamekwisha kuingia udongoni, na kipande kisichochanjwa kisingekuwa kipimo halali tena.

Miezi mitano kabla ya kupanda, chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, ilimwagwa tani 2 kwa hekta na kuchanganywa hadi kina cha sentimita 20. Wakati wa kupanda pH ilikuwa 5.8. Lengo halikuwa kufika 7. Ilitosha kutoka eneo la chini ya 5.5, ambako alumini huyeyuka na kuunguza nywele za mizizi ambazo ndizo mlango wa bakteria, na ambako molibdenamu, madini yaliyomo ndani ya kimeng'enya chenyewe, hushikwa na udongo mmea usiipate.

DAP ilibadilishwa na TSP, mbolea ya fosforasi, kilo 100 kwa hekta. Mifuko hii miwili inalingana kwa fosforasi, maana yote ina asilimia 46 ya P₂O₅, kipimo cha fosforasi kwenye mbolea. Tofauti ni kwamba TSP haina naitrojeni. Badiliko hili moja liliondoa kilo 18 za naitrojeni bila kugusa fosforasi, na vinundu ni walaji wakubwa wa fosforasi kwa sababu kazi yao inateketeza nishati nyingi. TSP iliwekwa kwenye mfereji sentimita 5 pembeni na chini ya mbegu. Mbolea ya chumvichumvi ikigusana na mbegu iliyochanjwa huua bakteria kwa chumvi na uchachu wake.

Kulikuwa na ofa ya mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu, zile zenye rangi. Zilikataliwa. Dawa kadhaa za namna hiyo, thiramu na kaptani zikiwamo, hupunguza rizobia, yaani bakteria wa vinundu, walio juu ya mbegu ndani ya saa chache tu.

Kuchanja kulifanyika hivi. Maji ya bomba yaliachwa wazi usiku kucha klorini itoke. Asubuhi gramu 100 za sukari ziliyeyushwa kwenye lita moja ya maji hayo ili yanate. Mbegu zilipimwa kilo 10 kwa awamu kwenye beseni, zikanyunyiziwa mililita 200 za maji ya sukari na kugeuzwa kwa mikono taratibu hadi zote ziwe na unyevunyevu. Zikizidishiwa maji, ngozi ya soya huvimba, hukunjamana na kuchanika, na mbegu iliyochanika haioti vizuri. Kisha gramu 100 za chanjo zilimwagwa na kugeuzwa tena mpaka kila mbegu ikawa na vumbi jeusi. Zilitandazwa kivulini kwa dakika kama ishirini, zikaenda kupandwa. Awamu mpya haikuchanjwa mpaka iliyotangulia ikaribie kwisha, na hakuna mbegu iliyokaa zaidi ya saa tatu. Pakiti zilikaa kwenye sanduku lenye chupa za maji baridi chini ya mti, wala si ndani ya gari.

Mtu anaweza kuona huu ni usumbufu. Tazama hesabu. Chanjo nzuri ina bakteria bilioni moja hai kwa gramu. Gramu 10 kwa kilo ya mbegu, kilo 60 za mbegu kwa hekta, mbegu takriban 400,000: kila mbegu inapata bakteria milioni moja na nusu. Kiwango kinachotafutwa kwa mbegu kubwa kama soya ni angalau laki moja hai mbegu inapoingia ardhini. Wakifa tisa katika kila kumi, bado unabaki na laki moja na nusu. Wakifa tisini na tisa katika kila mia, unabaki na elfu kumi na tano, nayo haitoshi. Turubai la msimu wa kwanza lilikuwa juani karibu siku nzima.

Mwishowe vilipimwa vipande vinne vya mistari sita kila kimoja, vikivuka shamba kutoka juu hadi chini:

A: chanjo na TSP
B: TSP bila chanjo
C: TSP na urea kilo 100, bila chanjo
D: chanjo bila TSP

Sehemu nyingine yote ya shamba ilifanywa kama A. Vipande B na C vilipandwa kwanza, mashine na mikono vikiwa safi, maana vumbi la chanjo linalobaki kwenye mashine linatosha kuharibu ulinganisho.

Wiki ya tatu hadi ya tano

Hapa ndipo jaribio lilipokaribia kuvunjika. Siku ya 22 soya ya kipande A ilianza kupauka, majani ya chini yakawa ya manjano hafifu, huku kipande C kikiwa kimepata urea mapema na kung'aa. Msimamizi aliagiza urea imwagwe kwenye shamba zima. Vibarua walikuwa wamekwisha kupita mistari minane ndipo agizo likasimamishwa.

Sababu ya kusimamisha ilikuwa hii: vinundu huonekana wiki ya pili au ya tatu, lakini huchukua muda zaidi kabla havijaanza kulisha mmea. Katikati kuna siku ambazo akiba ya mbegu imekwisha na mgeni bado hajaanza kazi. Miche ilichimbwa palepale. Vinundu vilikuwapo, vidogo kama vichwa vya pini, vya waridi hafifu ndani. Uamuzi ukawa kusubiri siku kumi na kuchimba tena. Kama siku ya 32 vingekuwa bado vyeupe, urea ingewekwa.

Siku ya 34 rangi ilikuwa imerudi, na kufikia maua A haikutofautiana na C kwa macho. Kwenye ile mistari minane iliyokwisha kupata urea, vinundu vilikuwa vichache na vimedumaa. Mmea unaokuta naitreti tele udongoni hauna haja ya kulisha bakteria, nao huacha kufungua mlango. Aliyeweka urea kwa kuwahurumia bakteria wake aliwanyima kazi.

Matokeo

Kwenye maua, kipande A kilikuwa na wastani wa vinundu vyekundu 19 kwa mche, B viwili, C kimoja, D saba. Mavuno yalipimwa baada ya kukauka:

A, tani 2.2 kwa hekta
B, tani 1.2
C, tani 2.0
D, tani 1.4

Hakukuwa na marudio ya vipande, kwa hiyo tofauti ya A na C ni ndogo mno kuitegemea. Inayotegemeka ni ya A na B, karibu mara mbili, na ilionekana kwa macho kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Shamba lilifanya bila kilo 64 za naitrojeni kwa hekta na halikupoteza kitu.

Kona ya chini, robo hekta hivi, haikuhesabiwa. Maji yalituama hapo siku tano wakati wa maua. Vinundu vilivyochimbwa baadaye vilikuwa vya kijivu na laini. Bakteria wa vinundu hawapendi oksijeni nyingi karibu na kimeng'enya chao, lakini bila hewa kabisa udongoni hawapumui, na kazi husimama.

Msimu wa tatu: chupa kwa ajili ya mahindi

Baada ya mafanikio hayo, ulikuja ushawishi wa kununua chupa za majimaji yenye bakteria wa jamii ya Azospirillum kwa ajili ya mahindi, kwa ahadi kwamba urea itapungua nusu. Safari hii hakuna aliyebisha kuweka vipande. Hekta 3 zilizotoka kwenye soya zilipandwa mahindi, na kiwango cha kawaida cha shamba kilikuwa kilo 120 za naitrojeni kwa hekta.

Kiwango kamili kilitoa tani 5.1. Robo tatu pamoja na Azospirillum, tani 5.0. Robo tatu bila Azospirillum, tani 4.9. Nusu pamoja na Azospirillum, tani 3.9.

Kipande cha tatu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Bila hicho, shamba lingesema chupa imeokoa kilo 30 za naitrojeni, na lingeinunua kila mwaka. Ukweli ni kwamba kilo 30 ziliweza kupungua zenyewe, ama kwa sababu ya mabaki ya soya yaliyorudishwa shambani, au kwa sababu kiwango cha zamani kilikuwa kikubwa kupita hitaji. Vipande hivi haviwezi kutofautisha hayo mawili.

Hii haina maana kwamba Azospirillum hawana faida popote. Johanna Döbereiner na wenzake nchini Brazil waliwafanyia kazi kwa miongo, na wanatumika huko kwenye mahindi na ngano. Lakini hawajengi vinundu. Wanaishi juu na pembezoni mwa mizizi, na msaada wao mkubwa ni homoni zinazochochea mizizi kutanuka na kufika mbali. Mizizi mirefu hufaidi pale penye kitu cha kufikia. Kuahidi nusu ya urea kwa kila shamba ni kuwapa mzigo wa rizobia wasioweza kuubeba.

Uchambuzi

Kosa kubwa la msimu wa kwanza lilikuwa la fikra: mbolea ilichukuliwa kama kitu kimoja. Bakteria wa vinundu huleta naitrojeni tu. Hawatengenezi fosforasi wala potasiamu, na hata wale wanaouzwa kama wayeyushaji wa fosforasi huachilia iliyokwisha kuwamo udongoni, hawaongezi chembe. Kipande D kimeonyesha gharama yake: chanjo ileile, utunzaji uleule, lakini pungufu tani 0.8 kwa kukosa mfuko mmoja wa TSP kwa kila nusu hekta.

Makosa mengine ya msimu huo, jua na uchachu, yalifanya kazi pamoja, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuyaona. Majivu na mpangilio wa mistari kwa saa za kupandwa ndivyo vilivyoyatenganisha. Shamba lina bahati kwamba mpanda mashine alikumbuka alianzia upande gani. Tangu hapo, saa ya kuchanja na namba ya mstari huandikwa.

Inafaa pia kurekebisha dhana ya soya "kurutubisha" udongo. Punje za soya zina protini karibu asilimia 40, ambayo ni naitrojeni takriban asilimia 6.4. Tani 2.2 za punje huondoa shambani kilo 140 hivi za naitrojeni. Hiyo inazidi mara mbili ile kilo 64 iliyokuwa ikinunuliwa, kwa hiyo mbolea peke yake haikuwa inailisha soya hata zamani. Udongo ulikuwa ukilipa tofauti. Vinundu vikifanya kazi vizuri huchangia nusu au zaidi ya hitaji la mmea, na salio bado hutoka udongoni. Ndiyo sababu maganda na mabua yalirudishwa na kutandazwa baada ya kupura. Yakibebwa kwenda kulisha mifugo bila samadi kurudi, soya inaweza kuacha shamba maskini kuliko ilivyolikuta.

Kuna deni linalokuja ambalo jaribio halikuligusa. Kila tani ya punje za soya huondoka na potasiamu karibu kilo 18 hadi 20. Kwa mavuno ya A ni kama kilo 40 kwa hekta, na shamba halijaweka potasiamu hata kidogo. Kwenye udongo wa mchanga deni hilo huonekana mapema, kwa kingo za majani ya chini kuwa za manjano, na kinundu hakiwezi kulificha.

Kwa msimu wa nne shamba limepanga chokaa tani 2 kwa hekta kwenye nusu ya kwanza iliyobaki nyuma, mfereji wa kutoa maji kwenye kona ya chini, kipimo cha potasiamu kabla ya kupanda, na kipande kimoja cha soya kisichochanjwa upya kwenye ardhi iliyokwisha kuchanjwa, ili ijulikane kama bakteria walioachwa udongoni bado wanatosha au pakiti mpya inahitajika.